Pumzi Ndani ya Makapi

Simu ilimtetemeka Nungu kiunoni, daktari wa meno akiwa ameshika koleo.

Mara tatu. Kimya. Mara mbili.

Nungu alimdaka daktari mkono. "Ngoja," alisema, lakini kwa kuwa nusu ya mdomo ilishakufa ganzi, neno lilitoka "ngofa".

"Mama, sindano nimeshakuchoma. Ikiisha nguvu utalia."

"Nitalia tu," akajibu, akashuka kitini na karatasi ya mate bado shingoni, akatoka.

Alisoma ujumbe ngazini. UNGO UMEPASUKA. PETA UPYA.

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno ya mama mpishi. Kwa Nungu, aliyekula kiapo cha Idara ya Usalama miaka kumi na tisa iliyopita, maana yake ilikuwa moja. Mmoja wetu ametekwa. Mtafute.

Akapiga simu. "Nani?"

"Mtakwimu," alisema Mkuu.

Alikaa kwenye ngazi bila kupenda.

Mtakwimu alikuwa mjomba wake. Kaka wa mama yake, toka nitoke. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akamfunza kufunga viatu, akamfunza na kuogopa vizuri, maana alimwambia mtu asiyeogopa hatazami anapokanyaga.

"Wamemchukua saa moja asubuhi, mlangoni kwake," Mkuu aliendelea. "Mzee wa Glavu."

Hilo jina Nungu alilijua. Mgeni mmoja mrefu, anavaa glavu nyeupe hata jua likiwaka, na kila nchi aliyopita aliacha mjane.

Sasa elewa mjomba alikuwa akifanya nini hata atekwe. Kazi yake ilikuwa kuhesabu gesi zinazoipasha dunia joto, zile zisizoonekana kwa macho. Huwezi kwenda kila kiwanda ukachungulia kila bomba; utafukuzwa na mbwa. Kwa hiyo mjomba hakupima mabomba. Alipima hewa. Minara mitatu juu ya vilima, kila mmoja na mashine yake ya kunusa, mchana na usiku. Kisha alichukua upepo na kuurudisha nyuma kwa hesabu, kama unavyorudisha uzi kwenye kibiringo, akauliza: hewa hii ilipita kwa nani, na huko ilibeba nini?

Kuna gesi ya majokofu iliyopigwa marufuku. Makaratasi ya forodha yalisema haiingii hata chupa moja. Hewa ya mjomba ilisema inaingia kwa malori. Siku hiyo, saa kumi alasiri, alitakiwa kusoma matokeo mbele ya wakaguzi wa nchi kumi na mbili, kwa video.

"Bado atasoma," alisema Mkuu. "Wamemkalisha mbele ya kompyuta mahali. Atasema mashine ziliharibika, hewa ni safi, ili mpaka wa nchi usikaguliwe. Akishasoma..."

"Watamwua."

"Na asiposoma vilevile."

Nungu alitazama saa yake ya Casio. Saa sita na robo.

"Mkuu, una vijana wenye misuli. Kwa nini mimi?"

"Vijana watavunja mlango wa kwanza watakaouona. Nataka mtu anayeogopa."

Alimpata.

*

Hilux ya kijivu ilipanda kilima cha mnara wa pili ikilia kama inachinjwa. Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, feni mbili, waya kila mahali, na harufu ya chai iliyosahauliwa. Kwenye kiti alikaa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kamba shingoni, viatu amevua. Fundi wa mnara. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unaongea kama umebugia kiazi?"

"Jino. Mtakwimu ni mjomba wangu."

Mama yule alimtazama, akavuta stuli kwa mguu. "Kaa, mwanangu. Uliza chochote. Kulia nimeshalia."

"Kuna kitu chochote leo? Kwenye hewa?"

"Leo shwari. Ona." Akageuza skrini. Mstari mrefu, wenye vilima vidogo vidogo, umetulia kama maji kwenye mtungi. "Mtandao mzima hauna jambo."

Nungu aliutazama. Hakujua hesabu zaidi ya kukadiria hatua kati yake na mlango. Lakini alikuwa amepeta nafaka utotoni, na kitu kimoja kilimkereketa.

"Mstari huu umekaa vizuri mno. Hakuna uchafu?"

"Uchafu tunautoa. Lori likipita chini ya mnara, mtu akivuta sigara, kipimo kinaruka. Kipimo kikiruka kupita kiasi, programu inakitupa. Ukikiacha kinakuharibia makadirio yote. Ni kanuni ya mjomba wako mwenyewe."

"Mnakitupa wapi?"

"Kwenye faili la makapi."

"Yanafutwa?"

"Hayafutwi. Ila hakuna anayeyatazama. Tangu nianze kazi hapa sijafungua hata..."

Wakatazamana.

"Fungua, mama."

Fundi alifungua, na wote wawili waliinamia skrini. Vipimo vilivyotupwa siku hiyo vilikuwa vichache, lakini vilisimama wima kama miti ya uzio. Saa tatu na dakika ishirini na tisa. Saa tatu na dakika arobaini na tisa. Saa nne na dakika tisa. Kila kimoja kiliruka kwa dakika mbili, kikashuka.

"Dakika ishirini," alinong'ona Fundi. "Kila baada ya dakika ishirini. Ee mama yangu wee. Na mimi nimekaa hapa asubuhi nzima nayatupa!"

"Bomba lililotoboka lingefanya hivyo?"

"Bomba lililotoboka halina saa ya mkononi, mwanangu. Huyu ni mtu. Mtu anafungua gesi, anahesabu, anafunga, anangoja." Sauti yake ilipanda. "Anajua kanuni itamtupa! Kaiandika yeye! Na bado anafungua!"

Mjomba alikuwa hai. Kila dakika ishirini, alikuwa akipumua ndani ya makapi, akimngoja mtu mmoja ayafungue.

"Nipe mahali," alisema.

*

Hapo ndipo hofu ilipoanza kweli, kwa sababu hesabu hizo hazikupi mahali. Zinakupa yai.

Fundi alichukua vipimo vya minara miwili. Wa tatu ulikuwa upande upepo unakotoka, haukunusa kitu. Akachukua upepo kutoka kituo cha hali ya hewa. Akaweka kisio lake la awali, maana mashine lazima uianzishie mahali, na akaiambia kila kipimo akiamini kiasi gani. Kisha kompyuta ikavutana na nafsi yake. Kisio linavuta huku, vipimo vinavuta kule. Saa saba na nusu, ramani ikaonyesha yai jekundu juu ya mitaa ya viwanda.

"Mara tisini na tano kati ya mia, yumo humu," alisema Fundi.

"Na hizo tano?"

"Usiniulize hizo tano."

Ndani ya yai kulikuwa na majengo makubwa matatu. Ghala la samaki wa barafu. Kiwanda cha sabuni. Na dobi kubwa linalofua mashuka ya hospitali. Kitovu cha yai kilikaa juu ya ghala la barafu.

Redio ya Motorola ilikoroma. "Nungu, nina ramani. Ghala la barafu. Gesi ya majokofu, wapi pengine? Kikosi kiko tayari."

Hata Nungu moyo wake ulisema barafu. Lakini Fundi alikuwa akitikisa kichwa.

"Kitovu kimevutwa na kisio langu," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyeanzisha pale, kwa sababu hiyohiyo ya majokofu. Tuna vipimo vichache, kisio limepata nguvu kuliko haki yake. Anaweza kuwa popote ndani ya yai."

"Mkuu, subiri," alisema Nungu redioni. "Tukivunja mlango usio wake, Mzee wa Glavu atasikia kutoka jirani. Atamwua kabla vumbi halijatua."

"Unasubiri nini?"

"Pumzi moja zaidi. Kutoka karibu."

Mkuu alikata shauri: "Mpaka saa tisa na nusu. Baada ya hapo naingia barafu."

*

Foleni ya malori iliwala saa nzima. Saa tisa na dakika kumi waliegesha Hilux kwenye kichochoro nyuma ya kiwanda cha sabuni, upande upepo unakokwenda. Fundi alikuwa amekuja na mashine ndogo ya kubeba, mrija mmoja na sanduku la kijani, aliyoiita Pua. Kwa dirisha akatoa kishada kidogo cha kupimia upepo.

"Minara imenusa ya mwisho sasa hivi, saa tisa na dakika tisa, na kwa upepo huu gesi huchukua dakika tisa kufika huko," alisema. "Kwa hiyo anafungua kwenye saa kamili, na ishirini, na arobaini. Hapa itatufika dakika moja baadaye. Saa tisa na dakika ishirini na moja."

Wakangoja.

Ganzi iliisha. Jino liliamka na hasira zote za dunia, likampigia Nungu ngoma hadi sikioni. Hakulalamika. Alishukuru kuwa na maumivu ya kufikiria, maana kitu kingine alichokuwa akifikiria kilikuwa kibaya zaidi.

Saa tisa na dakika ishirini na moja.

Pua haikusema kitu.

Ishirini na mbili. Namba kwenye sanduku ilikaa palepale, sita, sita, sita.

"Labda upepo," alisema Fundi.

"Upepo haujageuka."

"Labda chupa imemwishia."

Hawakusema labda ya tatu. Iliketi kati yao kwenye kiti kama abiria.

Ishirini na nne. Mikono ya Nungu ilitetemeka akaibana katikati ya magoti. Alijikaza kisabuni. Hofu ilimfanya asikie kila kitu: maji ya mfereji, mnyororo wa geti, pumzi ya mama yule kando yake.

"Nungu," redio ilisema. "Naona pumzi haikuja. Sitangoja nusu, naingiza kikosi barafu."

"Dakika mbili."

"Amekwisha, Nungu. Pole. Naingia."

"Nakuomba dakika mbili! Sijakuomba kitu miaka kumi na tisa!"

Redio ikakoroma. Haikujibu. Haikukataa.

Ishirini na tano.

Sita. Sita. Saba.

Tisa.

Kumi na nne.

"Huyo!" Fundi aliruka hata miwani ikamdondoka. "Huyo huyo huyo! Dhaifu, lakini ndiye!" Vidole vyake vilikimbia kwenye kompyuta juu ya mapaja. Mahali walipo. Saa. Upepo. Kipimo, na imani yake kwa kipimo. Yai jekundu lilitetemeka. Likasinyaa. Likawa kama punje ya haragwe.

Halikuwa juu ya barafu. Lilikuwa mtaa mmoja pembeni.

"Dobi," alisema Nungu, akabonyeza redio. "Mkuu, ni dobi, si barafu. Kikosi kinifuate kimyakimya."

"Dobi," alisema Fundi, akafunga macho. "Na mimi nilikisia barafu. Ningemuua kwa kisio."

*

Aliingia kwa mlango wa nyuma akisukuma toroli la mashuka machafu alilolikuta uani, koti jeupe la Fundi mwilini, bastola yake ya Beretta chini ya shuka la juu. Ndani kulikuwa na mvuke na ngurumo. Mashine kubwa zilizunguka bila mtu. Wafanyakazi wamerudishwa nyumbani. Mwanaume mmoja mwenye shingo ya fahali alisimama mbele ya korido.

"We mama! Wapi wewe?"

"Mashuka ya wodi ya tatu."

"Leo hatupokei."

"Sawa, baba. Basi yabebe wewe unitolee. Yana upele wa kuambukiza."

Mkono wa yule mtu ulishafika kwenye toroli. Uliondoka kama umegusa moto. "Pitisha! Pitisha huko, usinisogelee!"

Akapita.

Mwisho wa korido palikuwa na mlango wenye kioo. Alichungulia.

Mitungi. Mamia ya mitungi ya gesi, imeviringishwa mashuka safi, imepangwa hadi dari. Ndivyo ilivyovuka mipaka, kwa magari ya hospitali, na nani atafungua mashuka ya wagonjwa? Katikati, kwenye kiti, alikuwa mjomba. Mikono imefungwa mbele, midomo ya kijivu. Mbele yake kompyuta, na kwenye skrini nyuso kumi na mbili zikirekebisha miwani zikingoja. Sauti na picha ya upande wake vilikuwa bado vimezimwa.

Na mguu wake wa kulia haukuwa na kiatu.

Nungu alielewa. Chini ya feni inayotoa mvuke nje ulikuwa mtungi mmoja, na kidole gumba cha mguu wa mjomba kilifika kwenye koki yake. Mlio wa gesi ulikuwa pssss, na humo ndani kila kitu kililia pssss, pasi, mabomba, mashine. Walinzi walisimama nao siku nzima wakidhani wanasikia pasi.

Mzee wa Glavu alikuwa pembeni tu ya kamera, bastola yenye kiziba sauti imegusa ubavu wa mjomba.

"Zimebaki dakika nne," alisema kwa upole. "Unatetemeka miguu, Mtakwimu. Robo saa iliyopita pia ulitetemeka."

"Uzee," alisema mjomba.

"Kiatu chako kiko wapi?"

Mgeni aliinama polepole kutazama chini ya kiti.

Nungu hakuweza kupiga risasi. Kichwa cha mjomba kilikuwa katikati, na nyuma yake mitungi. Hakuweza kungoja. Hofu ilimjaa mpaka ikamwagika, na hapo hakubaki na kitu isipokuwa miguu na toroli.

Mjomba alimwona kwenye kioo. Hakupepesa jicho. Kidole gumba kikazungusha koki mpaka mwisho.

Gesi ilitoka nyeupe, baridi kuliko kaburi, ikampiga Mzee wa Glavu usoni alipokuwa ameinama. Alipiga yowe. Nungu alipitia mlango pamoja na kioo chake. Toroli, kilo themanini za mashuka ya maji, lilimkumba mgeni kiunoni likambana ukutani. Bastola ilikohoa mara moja darini. Nungu aliupiga mkono ule kwa kitako cha Beretta. Mara moja. Mara mbili. Bastola ikaanguka.

"Ukisogea," alimwambia, "nitakuogopa zaidi. Na nikiogopa vidole vyangu havinisikii."

Mzee wa Glavu alitazama kidole kilichokuwa kikitetemeka juu ya kifyatulio. Akaamini.

Koridoni zilisikika buti za kikosi, na sauti ya yule mwenye shingo ya fahali ikilalamika kuwa ameambukizwa upele.

Nungu alifunga koki, akamkata mjomba kamba. Hapo ndipo alipokumbuka adabu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Nani kafungua makapi?"

"Mama fundi wa mnara wa pili. Kitovu kilisema ghala la barafu, Mkuu nusura avunje huko."

"Nilidhani angekataa. Kanuni zangu anazishika kuliko mimi." Alijaribu kucheka, akakohoa. "Ile ya saa tisa na ishirini ilichelewa. Alikuwa amesimama juu ya mguu wangu."

"Twende hospitali."

"Saa ngapi?"

Alitazama. "Kasoro dakika mbili."

"Basi hospitali itangoja. Watekaji wameunganisha video vizuri mno, ni dhambi kuipoteza." Akajifuta uso kwa shuka, akajiweka sawa mbele ya kamera, mguu mmoja mtupu, na Nungu akawasha sauti na picha.

Alisoma matokeo kwa sauti iliyopasuka lakini haikurudi nyuma. Mwakilishi mmoja akamkatiza. Alitaka namba moja, si "kati ya hii na hii". Nchi yake haiwezi kufunga mpaka kwa ajili ya "kati ya".

"Bwana," alisema mjomba, "leo mchana kuna mtu alikuwa na namba moja, na ingeniua. Nitakupa kati ya tani mia nne na tani mia saba kwa mwaka, mara tisini na tano kati ya mia. Hata ile ya chini ni tani mia nne zaidi ya zile mnazoziandika. Na chanzo kimoja nimekithibitisha kwa macho." Akageuza kompyuta taratibu, mitungi ikapita mbele ya nyuso kumi na mbili, safu juu ya safu, kisha Mzee wa Glavu, amebanwa na toroli, nyusi zimeganda barafu.

Hakuna aliyerekebisha miwani tena.

Nungu hakungoja makofi. Mkuu alikuwa akiita redioni, aliizima. Alipita katikati ya kikosi, akapita mashine zilizokuwa bado zinazunguka, akatoka kwenye jua la alasiri. Mlinzi wa kiwanda cha sabuni alimwona mwanamke mwenye koti jeupe akishuka barabara bila haraka, mikono mifukoni, kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Mikono aliiacha mifukoni. Ilikuwa bado inatetemeka, na hilo halikumhusu mtu.